Gemu za vita kwa anayeanza: rekebisha setingi, chagua kazi yako kwenye timu, ndo uanze kufikiria kuua watu

Binamu yangu alianza gemu za vita za mtandaoni hapa Busia, upande wa Uganda, na mechi yake ya kwanza alikufa mara 23. Aliua mmoja tu, na huyo mmoja nilikuwa nimeshamjeruhi mimi. Akaweka simu chini akasema vidole vyake ni vizito, hii kitu si ya kila mtu. Nikaichukua ile simu nikaangalia: grafiksi ziko juu kabisa, fremu ziko chini kabisa, seva (kompyuta inayoendesha mechi) ya bara lingine huko mbali, senstiviti (kasi ya kugeuka ukitelezesha kidole) kama usukani wa trekta, na kazi aliyochagua ni snaipa, yaani mdunguzi wa mbali. Hayo ni makosa matano na hakuna hata moja la kidole.

Ndo maana naandika hivi. Wengi wanaoanza wanaambiwa "jifunze kulenga", wanaenda kutazama video za mafundi wanarudi wanakufa vilevile. Mimi nasema wiki mbili za kwanza sahau kulenga. Unahitaji mashine inayokutii, halafu kazi ambayo timu itafurahi upo hata kama hujaua mtu. Kulenga kutakuja kwenyewe, mkono unajifunza wenyewe.

Kwanza jua mechi inashindwaje

Hapa ndo wageni wanapotea, wanafikiri kila mechi ni kuhesabu waliokufa. Kuna ile ya timu kwa timu ambayo kweli ni kuua tu, nayo ni nzuri kwa kupasha mikono moto. Lakini gemu kubwa za vita zinaendeshwa na bendera na tiketi. Mtindo huo ulipata umaarufu na Battlefield 1942, iliyotengenezwa Sweden na kutoka mwaka 2002, watu mpaka 64 kwenye ramani moja na vifaru na ndege humohumo. Kila timu inaanza na tiketi kadhaa, ukifa na kurudi uwanjani timu yako inapoteza moja, na upande wenye bendera nyingi unazidi kuzikausha tiketi za mwenzake polepole hata bila risasi. Zikifika sifuri mmekwisha.

Sasa fikiria hilo vizuri. Mtu aliyeua 20 na kufa 20 hajaongeza kitu. Aliyekaa kwenye bendera kimya dakika tano hajaua hata paka ameongeza. Na daktari aliyefufua watu kumi kabla hawajarudi mwanzo ameokoa tiketi kumi, hiyo ni kazi kubwa na haihitaji ulengaji wowote. Call of Duty Mobile iliyotoka Oktoba 2019 nayo ina ile ya bendera tatu, A, B na C, watano kwa watano, kanuni ni karibu ileile: pointi zinatoka kwenye bendera, si kwenye maiti.

Halafu kuna zile za kuruka kutoka kwenye ndege na kupigana mpaka abaki mmoja. PUBG Mobile watu 100, Free Fire watu 50 na mechi zake ni fupi na haisumbui simu ndogo, ndo maana kila kijana wa boda anayo. Hizo nitazigusa kidogo tu, kazi za timu huko mnagawana wenyewe kwa mdomo.

Setingi, na ufuate mpangilio huu huu

Usirukie senstiviti kwanza. Anza na mtandao kwa sababu ukiwa mbovu hakuna setingi itakusaidia.

Ping ni muda ambao ujumbe wako unachukua kwenda kwa seva na kurudi, inapimwa kwa milisekunde. Uganda hatuna bahari, waya zetu nyingi za intaneti zinapita Kenya mpaka Mombasa ndo ziingie kwenye nyaya za baharini. Mwanga ndani ya waya ule unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo tuseme seva iko kilomita 10,000 kwa njia ya waya, hapo ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na hizo 100 hutaziondoa hata ununue simu ya milioni nne. Usijisumbue na watu wanaouza programu za "kupunguza ping mpaka 20". Unachoweza ni kuchagua seva iliyo karibu. Kama gemu inakuruhusu kuchagua, jaribu Ulaya na Mashariki ya Kati, cheza mechi mbili mbili saa ileile ya jioni, angalia ile namba ya juu ya skrini. Na usiangalie udogo peke yake, angalia kutulia. Ping ya 160 iliyotulia ni bora mara mia kuliko inayoruka 90, 300, 110, 400, kwa sababu kwenye ile ya kuruka unampiga mtu ambaye alishaondoka hapo zamani.

Kwetu sisi wa mpakani kuna ugonjwa mwingine: simu inashika mnara wa upande wa Kenya bila kukuuliza, mechi inakatika katikati halafu unatukana gemu bure. Ingia kwenye setingi za mtandao wa simu, toa ile ya kuchagua yenyewe, uichague laini yako kwa mkono. Ukisafiri kumbuka kuirudisha.

Bando nalo. Wakati wa OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii, tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, ikaondolewa 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe, kwa hiyo kila MB unayomwaga ina kodi ndani yake. Habari njema ni kwamba mechi yenyewe inakula kidogo. Kinachomaliza bando ni updeti za gemu, ramani za ziada, na hizo programu zingine zinazojipakulia nyuma ya mgongo wako. Zima updeti za moja kwa moja, zima WhatsApp kupakua video za magrupu (harusi ya nani hata humjui), zima picha kujituma kwenye hifadhi ya mtandaoni. Updeti kubwa tafuta Wi-Fi ya rafiki au nunua bando la usiku.

Mtandao ukitulia njoo kwenye fremu. Fremu ni picha ngapi skrini inaonyesha kwa sekunde. Kwa 30 kila picha inakaa milisekunde 33, kwa 60 inakaa kama 17, maana yake adui akitokeza kwenye kona mwenye 60 anamwona mapema na mkono wake unajibiwa haraka. Kanuni: ubora wa picha weka chaguo la chini kabisa, kasi ya fremu weka ya juu kabisa ambayo simu inakubali. Najua inauma, majani yanakuwa kama karatasi, lakini adui pia anaonekana vizuri zaidi kwenye uwanja usio na mapambo. Vivuli zima, ule ukungu wa mwendo zima kabisa sijui hata nani aliuweka. Kwenye kompyuta zima na V-Sync, ile ya kuoanisha fremu na skrini, inachelewesha mkono.

Simu ikipata moto inajipunguza nguvu yenyewe na fremu zinaanguka mechi ikiwa nusu. Toa kava, usicheze huku imechomekwa kwenye chaja, na usikae juani mbele ya duka. Kuna jamaa aliiweka yake kwenye friji ya soda kati ya mechi na mechi, ikaingia maji. Usifanye.

Sasa ndo senstiviti. Wengi wanakopi namba za mtu wa YouTube mwenye simu tofauti na vidole tofauti, halafu wanashangaa. Fanya hivi: ingia uwanja wa mazoezi, simama ukiangalia mlango au mti, telezesha kidole gumba kutoka katikati ya nusu ya kulia mpaka ukingoni, mara moja tu. Unatakiwa uwe umegeuka nyuma kabisa, nusu duara. Hujafika, ongeza. Umepitiliza, punguza. Baada ya hapo weka bunduki jichoni, tafuta kitu kinachotembea au tembea wewe huku umeshikilia alama ya kulenga kwenye jiwe, kama alama inarukaruka punguza senstiviti ya jichoni peke yake, hiyo iwe chini ya ile ya kawaida, na ya darubini kubwa iwe chini zaidi. Kwa wa kompyuta: toa ile ya Windows inayoongeza kasi ya mausi yenyewe, mausi iwe DPI 800 (hiyo ni namba ya wepesi wa mausi), halafu rekebisha ndani ya gemu mpaka mzunguko mzima uchukue kama sentimita 30 za meza. Ukishapata, usiguse kwa wiki nzima, hata ukifa vibaya, HATA UKIFA VIBAYA, maana mkono hauwezi kujifunza kitu kinachobadilika kila jioni.

Vitu vidogo vya kumalizia. Upana wa kuona weka katikati, kama 80 au 90 kwa wa kompyuta, ukiupanua sana adui wa mbali anakuwa kama sisimizi. Ramani ndogo ya pembeni ikuze. Vitufe vya simu visogeze mpaka vikae pale gumba linapoanguka lenyewe, na kitufe cha kufyatua cha pili weka kushoto ili uweze kupiga huku unageuka.

Sauti ni macho ya nyuma. Zima muziki wa gemu, acha sauti za hatua na risasi, na tumia eafoni za waya, za bluetooth nyingi zinachelewa na ile kuchelewa ndo inakuua. Mimi nina sababu nyingine ya eafoni: shangazi ninayeishi naye alikimbia vita huko kaskazini akiwa msichana, milio ya bunduki hataki kuisikia ndani ya nyumba, hata ya kwenye simu. Kabla hujafungulia spika angalia nani yuko chumba cha pili.

Kazi kwenye timu

Majina yanabadilika kutoka gemu moja mpaka nyingine, hilo linachanganya. Kwenye Battlefield 4 ya 2013 mtu wa shambulizi ndo anabeba mashine ya kufufua, lakini kwenye Battlefield 1 ya 2016 mtu wa shambulizi anabeba vitu vya kulipua vifaru na daktari yuko peke yake. Kwa hiyo usisome jina, soma vifaa. Kabla ya mechi fungua mfuko wa kila kazi uangalie nani ana dawa, nani ana risasi za kugawa, nani ana roketi.

Daktari ndo kazi ya mgeni, anza hapo. Si kwa sababu ni rahisi, ni kwa sababu inakufundisha kila kitu kingine: kutazama ramani, kukaa karibu na wenzako, kujua risasi zinatoka wapi. Kosa la kila daktari mpya ni hili, anaona mwenzake amedondoka anakimbia moja kwa moja, naye anadondoka juu yake, anakuja wa tatu, mwishoni wako wanne wamelala kama mihogo gunia limepasuka. Yule aliyelala ni chambo. Aliyemuua bado anaangalia palepale.

Fanya hivi. Mwenzako akidondoka simama kwanza, nyuma ya ukuta, jaza risasi, jiulize kapigwa kutoka wapi. Utaona alama ya risasi au utasikia, au muulize mwenyewe. Tupa bomu la moshi kati ya adui na yeye, si juu yake, wengi wanatupa juu yake halafu moshi unampa adui anwani. Subiri moshi ushibe, zunguka upande uliofichika, fufua, na ukimaliza msiondoke njia ileile. Kwenye PUBG kumwinua mtu kunachukua sekunde kadhaa nzima, kwa hiyo huko bila ukuta au moshi usijaribu. Na kuna wakati unamwacha. Ndiyo, atakutukana. Mmoja aliyekufa ni tiketi moja, wawili ni mbili.

Umbali wa daktari na kundi uwe kama mita 15 nyuma. Ukiwa mbele wewe ndo unakufa wa kwanza, na nani atakufufua?

Mtu wa risasi, yaani wa usaidizi, anabeba bunduki kubwa ya mkanda na mifuko ya risasi. Usisubiri kuombwa, kila mnaposimama tupa mfuko chini. Ile bunduki kubwa si ya kuua sana, ni ya kuwafanya adui wainamishe vichwa ili wenzako wavuke barabara, kwa hiyo piga dirishani hata kama humwoni mtu. Ukitembea nayo huku unapiga haipati kitu, lala au iegemeze.

Fundi ni adui wa vifaru. Roketi ya kwanza kutoka mbele haifanyi kitu kikubwa, inakutambulisha tu. Mwache kifaru apite, piga nyuma au ubavuni, badilisha mahali, piga tena. Mabomu ya ardhini weka kwenye kona na madaraja, si katikati ya barabara tambarare ambapo kila mtu anayaona. Na kama timu yenu ina kifaru chenye fundi mzuri anayekiziba kila kikipigwa, mechi hiyo nusu mmeshashinda, nimeliona mara nyingi sana.

Mtu wa shambulizi ni wa kuingia bendera kwanza. Kazi ya wiki ya tatu.

Snaipa. Hapa naomba radhi mapema. Kila mgeni anataka kuwa snaipa kwa sababu ya darubini na kujificha, na timu ya watu kumi yenye snaipa sita inapoteza kila bendera huku wao wamelala mlimani. Risasi ya mbali inashuka na inachelewa, kwa hiyo unalenga juu na mbele ya mtu anayekimbia, hilo linachukua muda mrefu kujua. Hell Let Loose, ile ya Vita vya Pili vya Dunia ya 50 kwa 50, imelimaliza tatizo kwa kuweka vikosi vichache vya watu wawili wawili tu, mwangalizi na mdunguzi, ukikuta nafasi imejaa basi. Kazi yenyewe halisi ni macho: kuwawekea alama maadui ili wenzako wawaone. Kama hutaki kuweka alama, shuka mlimani.

Kiongozi wa kikosi usichukue sasa. Ukipewa kwa bahati mbaya, fanya kitu kimoja tu: kaa hai sehemu iliyofichika karibu na bendera, kwa sababu kwenye gemu nyingi wenzako wakifa wanarudi uwanjani pale ulipo wewe.

Kwenye zile za abaki mmoja gawaneni kabla ndege haijafika: mmoja anaamua njia, mmoja anatangulia, mmoja anabeba dawa nyingi na moshi, mmoja anaangalia nyuma. Call of Duty Mobile kwenye ramani yake ya watu 100 ina mtu wa dawa kabisa wa kuchagua, mchukue huyo.

Kuongea

"Nyuma yako!" haisaidii, nyuma ya nani? Sema idadi, upande, mahali: "wawili, 240, juu ya paa". Hiyo 240 ni ile namba ya dira juu ya skrini. Ukishakufa sema kitu kimoja halafu nyamaza, wenzako wanahitaji masikio. Maiki weka ya kubonyeza ndo uongee, kuku wa jirani na mtoto anayelia havihitaji kusikika na Mkenya, Mtanzania na Mkongo mlio nao kikosi kimoja. Kiswahili kinatosha kabisa kwa hao watatu, ila "kushoto" na "kulia" kila mtu anaangalia kwake, ndo maana nasisitiza namba.

Wiki mbili za kwanza

Siku ya kwanza usicheze mechi, fanya setingi tu na uwanja wa mazoezi nusu saa. Siku ya pili na ya tatu piga mechi na boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, au zile za mwanzo za PUBG Mobile ambazo zimejaa boti, na ukishinda ya kwanza usipige picha ya skrini uweke status, wale hawakuwa watu.

Kama una marafiki na kompyuta za zamani, kuna njia ambayo hailipiwi bando: Wolfenstein: Enemy Territory, ya 2003, ni ya bure tangu ilipotoka na inakimbia hata kwenye mashine za kizamani. Toleo la ET: Legacy linaifanya iende kwenye kompyuta za sasa. Mnaunganisha mashine kwa waya mnacheza wenyewe kwa wenyewe bila intaneti. Ina kazi tano na bila fundi hamwendi popote, yeye ndo anajenga daraja na kutega baruti, na daktari anafufua kwa sindano. Binamu nilimfundishia hapo, mezani kwangu, wanne kwa wanne na timu inayoshindwa inanunua rolex, ile chapati ya mayai. Kitu pekee ni umeme, hakikisha Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti kabla hamjaanza maana mechi ikikatika kila mtu anadai alikuwa anashinda.

Kuanzia siku ya nne ingia mechi za watu kama daktari, tatu kwa siku zinatosha. Chagua mtu mmoja kwenye kikosi anayecheza vizuri, mfuate mita 15 nyuma mechi nzima, akigeuka geuka, akisimama simama. Kila ukijaza risasi tupa jicho kwenye ramani ndogo. Mwisho wa mechi usiangalie umeua wangapi, andika namba mbili kwenye noti za simu: umekufa mara ngapi, umefufua wangapi. Binamu alitoka 23 akaja 17, akaja 11, halafu siku moja akafa mara 8 na kufufua 14, na siku hiyohiyo aliua 9 bila hata kugundua.

Ukifika hapo, vifo viko chini ya kumi mechi tatu mfululizo, badilisha kazi uende fundi au mtu wa shambulizi. Senstiviti iache palepale ilipo.